Makofi kwa Mtu wa Mwisho

Ijumaa moja ya Februari 2022, asubuhi, nilikuwa kwa kinyozi nikingoja zamu yangu. Televisheni ilikuwa inaongea juu ya kioo, na kwa kuwa rimoti ilipotea tangu Krismasi, tulikuwa tunatazama chochote ambacho chaneli ya michezo iliamua kutuletea. Siku hiyo ilituletea Beijing. Wanaume wenye nguo za kubana, mbao nyembamba miguuni na fimbo mbili mikononi, walikuwa wanapanda mlima mweupe wakitweta kama watu waliofukuzwa na mbwa.

"Hawa nao wanaenda wapi?" akauliza mzee aliyekuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa.

"Kilomita kumi na tano," nikamwambia. Nilikuwa nimesoma chini ya skrini.

"Na baridi hiyo yote? Si wakae tu nyumbani."

Tulicheka, halafu tukaendelea kutazama, maana televisheni ya kinyozi ndivyo ilivyo: hakuna anayeipenda na hakuna anayeiacha. Mfini mmoja, Iivo Niskanen, akachukua dhahabu. Chaneli ikahamia mchezo mwingine, nami nikaitwa kitini.

Kumbe tulikuwa tumekatiwa stori katikati. Baadaye nikatumiwa video fupi kwenye simu. Niskanen hakuwa ameenda zake. Alibaki pale mwisho wa mbio, na baridi yake, akangoja karibu dakika 20, mpaka akafika Carlos Andrés Quintana wa Kolombia, ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa. Bingwa wa Olimpiki akamsalimu. Basi.

Wiki iliyofuata nikaipeleka simu kwa kinyozi nikawaonyesha. Nilidhani wote watasema "aww" kisha tuendelee na siasa. Badala yake kikawaka. Kinyozi alisema hiyo ni roho safi, na kwamba angekuwa yeye angeshaenda kuoga zamani. Mzee yule yule (nadhani hana pahali pengine pa kwenda asubuhi) akasema huo ni unafiki wa wazungu. "Mnampigia makofi ndio asijue amechapwa. Mwambieni ukweli, arudi kwao akafanye kile anachokiweza." Mama anayetuletea chai alikuwa amesimama mlangoni na birika lake, na bila hata kuombwa maoni akasema, "Mgeni akifika saa sita usiku, si bado unampashia chakula?"

Usiku huo nikampigia rafiki yangu mmoja ambaye, sijui alirogwa na nani, hufuatilia michezo ya theluji mwaka mzima. Anajua majina ya Wanorwe kuliko anavyojua majina ya wabunge wetu. Nilitarajia afurahi. Alinung'unika. Alisema televisheni ina macho mawili tu kwenye mbio kama zile: jicho la kwanza kwa anayeshinda, la pili kwa kichekesho. Mtu wa 32 anakata roho akimkimbiza wa 31, na hakuna anayewaona. Kamera imeruka juu ya watu themanini ili ikamtafute wa mwisho. "Huyo wa mwisho hawamtazami kama mwanariadha," akasema. "Wanamtazama kama hali ya hewa."

Sijawahi kuelewa kikamilifu hiyo ya hali ya hewa, lakini swali lilinikaa. Kumpigia makofi mtu wa mwisho ni kumheshimu, au ni kumdharau kwa adabu?

Kwetu Kenya hili swali si la kuazima. Lina jina, na jina ni Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na mwaka 1996 yeye na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Ufini kujifunza kuteleza, kwa pesa za Nike. Hapo kabla alikuwa hajaiona theluji. Miaka miwili baadaye, Februari 1998, akasimama kwenye mstari kule Nagano, Japani, akiwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi. Kilomita 10. Mnorwe Bjørn Dæhlie alimaliza kwa dakika 27 na sekunde chache. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde chache. Wa 92, na nyuma yake hakukuwa na mtu.

Dæhlie alikuwa bado yupo. Utoaji wa medali ulisubiri kwa sababu mwenye dhahabu alikuwa amekataa kuondoka. Boit alipofika, Dæhlie akamkumbatia. Picha hiyo ikazunguka dunia, na Boit akaja akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Mimi niliisikia hadithi hii nikiwa mdogo na nikaipenda. Nimekuwa mkubwa nikaanza kuiogopa kidogo. Kwa sababu katika tukio lile lile moja kuna vitu viwili, na televisheni huviuza kama kitu kimoja.

Cha kwanza ni Dæhlie. Yule bwana alikuwa ameupanda mlima ule ule, kwenye theluji ile ile iliyolowa, nusu saa iliyopita. Alijua kila mita 100 inakudai nini kwa sababu mwili wake ulikuwa umetoka kulipa. Kwa lugha yetu nadhani alichofanya kina jina kabisa. Msafiri akiingia mlangoni hatumuulizi amekuwa wa ngapi barabarani. Tunamwambia "pole na safari." Si kwamba tunamhurumia. Mtu hupewa pole ya kazi hata kama kazi imemwendea vizuri, hata kama ni bosi. Pole ya namna hiyo inakiri tu kwamba ulichofanya kilikuwa kizito na kwamba sasa umefika. Ukitaka kuitoa vizuri inafaa uwe na habari kidogo kuhusu hiyo barabara.

Cha pili ni sisi. Sisi tuliokaa. Tulicheka kwanza, Mwafrika kwenye theluji, he! Halafu bingwa alipomkumbatia tukajisikia vizuri, kama kwamba sisi ndio tuliomngoja. Wala hatukungoja chochote. Tulionyeshwa sekunde kumi za kungoja.

Nirudi nyuma miaka kumi kabla ya Nagano. Calgary, Kanada, 1988. Mwingereza Michael Edwards, fundi wa plasta, miwani mizito iliyokuwa ikifunikwa na ukungu, aliingia mashindano ya kuruka kwa skii. Akawa wa mwisho kwenye mlima wa mita 70, na wa mwisho tena kwenye mlima wa mita 90. Umati ukampenda hadi ukawa unaliimba jina lake, Eddie. Aliyeshinda milima yote miwili, pamoja na dhahabu ya timu, alikuwa Matti Nykänen wa Ufini. Uliza watu kumi nje ya Ufini wakutajie mrukaji mmoja wa Calgary, uone watamtaja nani.

Baada ya hapo wakubwa wa Olimpiki walikaza masharti: anayetaka kushiriki lazima awe ameonyesha kwenye mashindano ya kimataifa kwamba yumo ndani ya asilimia 30 ya juu au ndani ya 50 bora. Watu huliita hilo sharti kwa jina la Eddie. Alijaribu kurudi, akashindwa kufuzu. Yule mzee wa kwa kinyozi angelifurahia sana sharti hilo. Na ni kweli lina hoja: mlima wa kuruka si mahali pa mzaha, mtu anaweza kuvunjika shingo mbele ya watoto. Lakini angalia ni nani aliyeadhibiwa. Televisheni ndiyo iliyomgeuza Eddie kuwa kichekesho, umati ndio uliochangamka, watangazaji ndio waliokula mshahara, na mlango ukafungwa usoni pa yule aliyeruka. Na aliruka kweli, jamani. Mtu aliyekuwa wa mwisho Calgary alikuwa mbele ya kila mmoja aliyekuwa amekaa akimcheka. Ukinipeleka mimi juu ya mlima huo mtanishusha kwa lifti nikilia.

Kuna mwingine ambaye kisa chake kinanisumbua zaidi ya hao wote. Vinko Bogataj, Mslovenia, enzi hizo nchi yake ikiwa Yugoslavia. Mwaka 1970 huko Oberstdorf, Ujerumani, alikuwa anashuka kwenye njia ya kurukia, akapoteza mizani kabla hata ya kufika ukingoni, akarushwa kando akibingirika kama gunia lililoanguka kutoka kwa lori. Alitoka na mtikiso mdogo wa ubongo. Lakini kamera ya Wamarekani ilikuwa hapo. Kipindi cha michezo cha ABC kikachukua anguko lile kikaliweka mwanzoni mwa kila onyesho, pale mtangazaji anapotaja uchungu wa kushindwa. Wiki baada ya wiki. Mwaka baada ya mwaka. Watoto wa Marekani walikua wakimwona Bogataj akianguka jinsi sisi tulivyokua tukisikia wimbo wa taarifa ya habari.

Na yeye hakujua! Alikuwa kwao, anafanya kazi kiwandani, anachora picha zake. Mwaka 1981 walipomwalika Marekani kwenye sherehe ya miaka 20 ya kipindi, ndipo akagundua kwamba kuna nchi nzima inayomfahamu. Ukumbi ulisimama ukampigia makofi. Muhammad Ali alimwendea akamwomba sahihi.

Najiuliza yale makofi yalikuwa ya nini hasa. Hayakuwa ya kuruka kwake, hakuna aliyekuwa amemwona akiruka. Bogataj alikuja kuwa kocha, na kati ya aliowafundisha ni Franci Petek, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1991. Hiyo haikuwekwa mwanzoni mwa kipindi chochote. Mtu amefundisha bingwa wa dunia, na kwenye vichwa vya mamilioni ya watu bado anabingirika.

Sasa nitasema kitu kunihusu, na nitakisema haraka. Niliacha chuo kikuu mwaka wa tatu. Sababu ziko, nyingine za pesa na nyingine za kichwa changu mwenyewe, na hazina faida hapa. Chenye faida ni kilichofuata. Desemba hiyo tulikuwa na sherehe kijijini, na mjomba, mtu mwenye moyo mkubwa sana, akasimama kututambulisha vijana mmoja mmoja. Huyu ni daktari. Huyu yuko benki. Akanifikia mimi, akashusha sauti kidogo jinsi watu wanavyoshusha sauti hospitalini, akasema, "Na huyu naye anajaribu jaribu kuandika. Tumpigie makofi ya nguvu."

Nikapigiwa. Ya nguvu kweli, kuliko ya daktari.

Nilitabasamu kwa sababu ningefanya nini? Wale watu wananipenda. Walikuwa wamechanga harambee ya karo yangu. Lakini nilikaa chini nikiwa nimepata joto masikioni, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijua tofauti kati ya makofi mawili kwa ngozi, si kwa akili. Kuna makofi yanayokwambia umefika. Na kuna makofi yanayokukalisha.

Mtu anaweza kuniambia nimekuwa na kinyongo, na mama wa chai aliniambia karibu hivyo. Siku nyingine nilimweleza haya yote, chai ikipoa, akanisikiliza, halafu akaniuliza, "Kwa hivyo ulitaka wanyamaze?" Sikuwa na jibu. Ukimya ungekuwa mbaya zaidi. Na pia ana haki kwenye lile la mgeni wa saa sita: ukimpashia chakula, yeye hajali kama moyoni unamhurumia ama unamheshimu, yeye ana njaa. Huenda mtu anayekata kilomita ya tisa mapafu yakiwaka hataki kuchambua makofi ni ya aina gani. Anataka tu kelele za kumvuta mbele. Nalikubali hilo kwa zile dakika anazokuwa bado yuko kwenye theluji.

Tatizo langu ni baada ya hapo.

Kwa sababu Philip Boit hakuishia Nagano. Hili ndilo linalonifanya niandike. Alirudi Olimpiki mwaka 2002, Salt Lake City. Akarudi tena 2006, Turin, kilomita 15, akiwa na miaka kumi ya mchezo ule miguuni. Na Turin hakuwa wa mwisho. Kulikuwa na watu nyuma yake.

Wewe uliwahi kulisikia hilo? Mimi nililisikia nikiwa mtu mzima, baada ya kusikia habari za Nagano labda mara hamsini. Fikiria maana yake. Mtu wa Eldoret ameanza mchezo akiwa mkubwa, kwenye nchi isiyo na theluji ya kuteleza, akafanya mazoezi mwaka baada ya mwaka, na akapanda. Ndicho kitu tunachosema tunakipenda kwenye michezo, bidii imezaa matunda, blah blah. Ilipotokea hatukuwepo. Hakuna bingwa aliyesimama kumngoja kwa sababu hapakuwa na haja. Alikuwa tu mtu mmoja katikati ya watu wengine waliochelewa, mmoja wa wale ambao rafiki yangu hulalamika kwamba kamera inawaruka. Alipokuwa wa mwisho alikuwa wetu sote. Alipoacha kuwa wa mwisho akawa wa nani?

Halafu kuna hili jambo la kungojana lenyewe. Pyeongchang 2018, Mmeksiko Germán Madrazo alifika wa mwisho amebeba bendera, wenzake wa mkiani wakambeba begani, na Dario Cologna wa Uswisi, mwenye dhahabu, akaja akamshika mkono. Beijing 2022, Niskanen na Quintana. Siwalaumu hao mabingwa hata kidogo, na nina hakika mtu anaposimama dakika 20 kwenye baridi, jasho likimgandia mgongoni, amelipa bei ya heshima yake. Lakini naona kamera imeshajifunza. Inajua sasa kwamba mwisho wa mbio kuna picha nzuri itapatikana. Siku si nyingi bingwa asiposubiri ataonekana hana adabu, na wa mwisho asipolia kidogo ataonekana hana shukrani. Kitu kilichofanywa na mtu mmoja kwa moyo wake kitakuwa kipengele cha ratiba.

Na kabla hatujawasuta watu wa theluji, tujiangalie tukiwa upande wa washindi. Mita 10,000, uwanjani. Wetu watatu wako mbele, na pale kwenye kona kuna mtu wa nchi fulani ndogo anakaribia kuzungukwa mara ya pili. Tunasemaje kwenye vibanda vyetu? "Toka njiani, mzee!" Mbio za marathoni ndiyo kabisa. Mkenya akishakata utepe na wa pili akaingia, mtu anaulizia mpira. Sijawahi, hata siku moja, kumwona mtu wa 40 wa marathoni yoyote. Na hao wetu tunaowashangilia, wengi wao kuna siku walikuwa wa 40 mahali fulani.

Nilimwambia rafiki yangu wa theluji haya. Akasema suluhisho lake ni rahisi: wacha waonyeshe mbio nzima, saa iliyo kwenye kona, majina yapite, kila mtu aonekane anavyoingia, wa 5, wa 50, wa 90, bila muziki wa huzuni. Nikamwambia hakuna mtu atatazama. Akasema, "Mimi nitatazama." Najua kweli atatazama. Mimi sina hakika na nafsi yangu.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia. Kuna mtu ofisini kwao alikuwa amesoma kitu nilichoandika, akakiprinti, kikawa kinazunguka mezani, na hakuna aliyejua kwamba mwandishi ni mpwa wake mpaka alipoliona jina. Alitaka kuniuliza swali kuhusu aya ya tatu. Hakukubaliana nayo. Alisema hoja yangu ilikuwa imeruka hatua, na akanieleza ni hatua ipi. Tukabishana karibu nusu saa mpaka salio lake likaisha, na hakuwahi kusema "jaribu".

Baada ya simu nikakaa nikatafuta video ya Boit kule Turin. Ya Nagano ilikuja mara moja, ikaja tena, ikaja na muziki. Ya Turin sikuipata. Nilichopata ni orodha ya matokeo, herufi ndogo ndogo, nchi na dakika. Nikashuka nayo polepole kwa kidole, nikapita Wanorwe, nikapita Warusi, nikapita watu ambao sijui hata wametoka wapi, mpaka nikafika kwa KEN. Halafu nikaendelea kushuka, nikayasoma kwa sauti majina yaliyokuwa chini yake, moja moja, hadi la mwisho.